Tanuru ya Kwanza Haichomwi Nusu

Kalemie, 11 Machi 2025

Laure, binti wa kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na nyumba kwa sasa ni kubwa. Familia mbili zilizokimbia Uvira zinalala sebuleni kwangu tangu mwezi uliopita. Mzee wao anakoroma kama injini ya boti inayokataa kuwaka. Mama yako bado yuko Moba kwa dada yake. Kifua kimetulia. Anasema hewa ya mlima wa Kirungu ndiyo iliyomponya, ingawa alikaa kule siku chache tu na zote alizitumia kulalamikia baridi. Samaki wapo, unga umepanda, umeme unakuja ukitaka.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iko kwa watu wa usalama tangu niliposoma redioni ile habari ya bandari. Wanasema wanaichunguza. Mama Éliane anavuka kwenda Kigoma kununua vitenge. Atampa barua hii kondakta wa basi la Dar es Salaam. Ukijibu, tumia njia hiyohiyo.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako Bertin amerudi kutoka Lubumbashi akiwa na mtu anayeitwa Monsieur Chérubin, mfanyabiashara, mtu wa viatu safi hata mvua ikinyesha. Wamekodi hangari katika kiwanda cha zamani cha nguo. Chérubin anahutubia popote anapopewa kiti: "Lithium ya Manono inatoka hapa ikiwa udongo, inarudi ikiwa betri. Sisi tutapika hapahapa kwetu." Watu wanapiga makofi. Nilisoma lebo kwenye chupa zake za kazi hiyo. Zimetoka ng'ambo, na lithium haimo.

Nilimwuliza Bertin wanapika nini. Alinionyesha kijibomba cha kioo kilichozibwa pande zote mbili. Ndani mlikuwa na fuwele nyekundu, rangi ya mawese yaliyoganda. Alikifukia kwenye mchanga wa moto juu ya makaa ya mbabula. Fuwele ziliyeyuka zikawa kama asali, kisha asali ikakataa kutiririka hata alipokiinamisha. Kilipopoa alikivunja, akapasha kipande, akavuta uzi wa rangi ya kaharabu. "Shangazi, huu ni plastiki, lakini ndani mna chuma." Niliomba kukiona hicho chuma. Basi akauchoma uzi ndani ya bomba lisiloingia hewa, ukawa mweusi, na ule weusi ukaruka ukashika sumaku ya spika yangu mbovu.

Nimeripoti waongo wengi. Ule haukuwa uongo, na ndiyo maana nakuandikia. Wachomeleaji wa bandarini wanawatengenezea chombo cha chuma cha kupikia. Mtu mzima anaweza kuchuchumaa ndani yake. Moto watamwachia Papa Valère, yule wa Kabimba aliyepika chokaa maisha yake yote.

Kemia ndiyo kazi yako. Niambie kama kitu hiki ni cha kweli. Niambie kama kuna soko lake. Niambie kinachoweza kutokea kikipikwa kwa wingi. Na niambie nani amemfundisha Bertin, maana ninavyojua mimi alisomea umeme, na mwaka wa mwisho hatukulipa ada ya chuo, ile minerval, akaacha.

Shangazi yako,
Elisabeth


Dar es Salaam, 2 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenifikia ikinuka dagaa, nikafurahi. Mimi ni mzima. Mvua za huku zimeanza, barabara ya kwenda chuoni ni mto, na profesa wangu anadai kila mtu afike kabla yake. Nimempigia Mama huko Moba kupitia simu ya padri. Anakusalimu, anauliza kama wale wageni wanakusaidia kuchota maji au wanakaa tu. Mwambie yule mzee anayekoroma alale kwa ubavu.

Kitu alichokuonyesha Bertin ni cha kweli. Nitakieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Atomu ya chuma imelala katikati ya pete mbili za kaboni. Pete hizo zimefungwa pamoja kwa daraja la silikoni, na daraja ni fupi mno. Pete zinalazimika kuinama. Zinakaa hivyo, zimekaza, kama mtego wa kamba uliotegwa msituni. Ukizipasha moto hadi digrii mia na thelathini hivi, daraja la mtego mmoja linaachia upande mmoja na kumshika jirani. Jirani naye anaachia na kumshika wa tatu. Mwishowe una mnyororo mrefu wenye chuma katika kila pingili. Huo ndio uzi uliouona. Ukiuchoma bila hewa unabaki kigae cheusi chenye chuma, ndiyo maana sumaku ikaushika.

Soko lipo, dogo, kwa watu wanaotengeneza vifaa vidogo sana. Wananunua kwa gramu. Sijui mtu anayehitaji pipa.

Kuhusu hatari. Kila mtego unapofyatuka unatoa joto lake wenyewe. Katika kijibomba chenye robo kijiko joto hilo linatoka kwenye kioo, linakwenda mchangani, halina madhara. Hapa chuoni hatuzidishi kiasi hicho, na hata hivyo tunasimama nyuma ya kioo kinene. Katika chombo ambacho mtu anaweza kuchuchumaa ndani yake, Shangazi, mimi nisingekaa mtaa huo.

Mwambie Bertin aache. Mwambie mtaalamu amesema. Lakini jina langu lisitajwe, si redioni, si mbele ya huyo Chérubin. Kazi ya maabara yetu ni mali ya chuo na ya kampuni inayotulipa, na tumetia saini tusiitoe nje.

Nawapenda wote,
Laure


Kalemie, 29 Aprili 2025

Laure,

Tunaendelea. Mtoto mmoja wa wageni alishikwa na kipindupindu, tukamwahi, amepona. Mzee analala kwa ubavu sasa na anakoroma kwa ubavu. Mama yako ameahidi kurudi na meli ya kwanza yenye kiti cha kukaa. Watu wa usalama wamenirudishia chaja ya simu, bila simu.

Nilikwenda hangarini na barua yako. Niliwakuta Bertin, Chérubin na Papa Valère wakikagua chombo. Ni bomba nene la meli iliyokatwa, limezibwa chini, juu lina kifuniko cha boliti kumi na sita. Kuna pampu ya kutoa hewa na kipimo cha joto chenye mshale. Chini wamejenga tanuru ya matofali. Nikawasomea ulichoandika kuhusu joto, neno kwa neno, bila jina.

Chérubin aliuliza nani anasema hivyo. Nikamwambia mtaalamu.

"Mtaalamu hana jina, Mama? Hata pepo wachafu kwenye Injili Yesu aliwauliza jina, wakajibu."

Papa Valère alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanijibu kwa heshima, maana ni mtu wa heshima. "Mama Elisabeth, mi nilipika chokaa Kabimba huyu Bertin hajazaliwa. Tanuru ya kwanza haichomwi nusu. Hiyo njo sheria yetu. Ukiacha nafasi mule ndani, joto inakimbia, jiwe inabaki mbichi katikati, na watu wanamucheka mwenye tanuru mwaka muzima."

"Na moto ukizidi, Papa?"

"Natoa makaa. Moto ni mbuzi. Anakula kile unamupa. Ukiacha kumupa, analala."

Nilimgeukia Bertin. Alikuwa anazungusha boliti kwenye vidole. Nikamwuliza kama amewahi kupika kiasi kama hiki. Chérubin ndiye aliyejibu: "Amepika sana, huko Dar es Salaam. Ndiyo maana nilimchukua." Bertin hakumsahihisha. Nimehoji watu wa kutosha kujua maana ya mtu kumwachia mwenzake ajibu.

Alinisindikiza hadi barabarani.

"Shangazi, usiniulize mambo kama yale mbele ya watu."

"Umewahi, au hujawahi?"

"Sheria ni ileile, kidogo ama mingi."

"Sikukuuliza sheria."

Akasema yule mtu amemwita Injinia mbele ya gavana, na kwamba tangu baba yake afe hakuna aliyemwita chochote. Kisha akarudi ndani.

Watazindua mwezi wa sita. Wamealika kwaya ya parokia, wakubwa wa mkoa, watoto wa shule na bendera. Chombo kitapashwa mbele yao, kikiwa kimejaa, kwa sababu Papa Valère amesema na kwa sababu Chérubin anataka kitu kikubwa cha kuonyesha.

Nilikuuliza maswali manne. Umejibu matatu. La nne umeliruka kama dimbwi. Mwaka juzi Bertin alikaa kwako kipindi chote cha mvua, akisema anatafuta kazi ya umeme. Sikulazimishi. Nataka ujue tu kwamba nimeona.

Elisabeth


Dar es Salaam, 20 Mei 2025

Shangazi,

Nashukuru Mungu kwa yule mtoto. Huku hakuna mgonjwa. Nimehamia chumba chenye dirisha.

Nimepata namba mpya ya Bertin nikampigia kwa simu ya mwenzangu, maana yangu ameizuia. Alinisikiliza. Nilimweleza hesabu yote. Mwishoni akasema, "Laure, wewe ulishafika. Niache na mimi nifike." Akakata. Namba ile sasa haipatikani.

Kwa hiyo zungumza na Papa Valère, si kama mtu anayemfundisha. Yuko sahihi kuhusu chokaa. Jiwe la chokaa linakula joto ili liungue. Ukiondoa makaa linakosa chakula na kazi inasimama. Kwa jiwe la aina ile, kujaza tanuru ni akili, na kutoa makaa ni breki. Kitu hiki ni kinyume. Hakili joto, kinalitoa. Makaa ni ya kukiamsha tu. Kikishaamka, kila mtego unafyatua wa jirani yake, na Papa Valère akitoa makaa atakuwa ametoa kitu ambacho hakihitajiki tena. Ile nafasi anayoogopa kuiacha, ile inayokimbiza joto, ndiyo peke yake ingewaokoa.

Mwambie hivi kama anataka mfano. Kijiko cha uji unakipuliza mara mbili kinapoa. Sufuria ya uji wa msibani inabaki na moto wake hadi asubuhi, hata kuni zikiwa majivu. Chombo chao ni sufuria ya msibani.

Kama hawataki kuacha, basi wagawe. Vijibomba vidogo, kimoja kimoja, mchangani. Kwaya iimbe, watu waone uzi, warudi nyumbani. Watacheka, lakini watacheka wakiwa hai.

Wakikataa, zuia watu wasiende. Kwa njia yoyote unayoijua. Jina langu liache nje. Nakuomba kwa mara ya pili.

Laure

Nimesoma tena barua yako. Najua umeona.


Kalemie, 24 Juni 2025

Laure,

Mama yako amerudi, yuko nami, anakula vizuri. Wageni wa Uvira wanapika kwa zamu na wamekuwa watu wa nyumba. Nakuandikia nikiwa nimekaa. Ukae na wewe.

Barua yako ilifika wiki mbili kabla ya uzinduzi. Nilimpelekea Papa Valère nyumbani kwake, mbele ya mkewe Mama Rachelle. Nilimweleza habari ya sufuria ya msibani. Akasema, "Hiyo nimeisikia. Lakini sijawahi kuona kitu kinajipika chenyewe, Mama. Nikiona mushale unapanda, nitatoa makaa upesi kuliko wewe utasema Amina." Alikuwa amesikia neno kwa neno, na hakukubali. Habari ya vijibomba alimpelekea Chérubin. Chérubin akamwambia gavana haji kuangalia vidonge.

Jumamosi tarehe 21, asubuhi, nilisoma matangazo ya redio kama kawaida: vifo, meli, mitihani. Baada ya mitihani nikasoma kwamba uzinduzi wa hangari umeahirishwa kwa sababu za kiufundi, na kwamba walioalikwa wasubiri tangazo jingine. Hakuna aliyeniagiza. Ni mara ya kwanza nimesoma redioni jambo ninalojua si kweli. Nililisoma mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Watu hawakwenda. Kwaya ilivua sare ikaenda sokoni. Shule iliwarudisha watoto na vibendera vyao. Msafara wa wakubwa haukutoka. Chérubin alikuja redioni akiwa na jasho kwenye kola, akaniuliza nimelipwa na nani.

Bertin alikuwa ameisikia redio hangarini. Yaliyofuata ameyasema yeye na mlinzi wa lango, kila mmoja peke yake, na yanalingana. Bertin alimwambia Papa Valère, "Wakija kesho wakute imekwisha, hawatatuita tena waongo." Wakajaza. Wakafunga boliti zote. Wakatoa hewa, wakawasha makaa.

Mshale ulipanda polepole hadi mia na ishirini. Papa Valère akapunguza. Ulisimama kidogo, kisha ukapanda. Akatoa makaa yote kwa koleo, akayamwagia maji nje. Mshale ukaendelea kupanda. Mlinzi alimsikia akisema, "Nimeutoa. Sasa hii moto iko wapi?" Bertin akapiga kelele wakimbie. Walifika mlangoni wote wawili. Papa Valère akageuka. Bertin anasema alirudi kutazama mshale. Mlinzi anasema alirudi akiwa na ndoo ya maji.

Kifuniko kilipatikana upande wa pili wa ukuta wa kiwanda. Bati za paa zimekwenda hadi majini. Papa Valère alizikwa jana. Siku ile tulipofika hangarini, Chérubin alikuwa ametangulia. Hakuwa akimtazama marehemu. Alikuwa amepanda ngazi, anabandua vipande vya kaharabu ukutani na kuvitia mfukoni.

Bertin yuko hai. Yuko hospitali. Anakula.

Elisabeth


Dar es Salaam, 18 Julai 2025

Shangazi,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa wageni. Mfikishie Mama Rachelle pole yangu. Usimwambie imetoka kwa nani.

Umeandika Bertin anakula. Wewe huandiki hivyo. Ungekuwa unaripoti mtu mwingine ungesema ameumia wapi. Macho yake yakoje? Mikono yake ikoje? Tafadhali niandikie kama unavyoandika.

Nilitaka kuja. Profesa amenipa kazi hadi Septemba na sikuweza kumweleza kwa nini naomba ruhusa.

Kile kipande Chérubin alichobandua, kama ni cha kaharabu na si cheusi, maana yake sehemu ya kazi ilikamilika kabla ya chombo kupasuka. Nakueleza kwa sababu yeye atakuwa ameshajua.

Laure


Kalemie, 12 Agosti 2025

Laure,

Mama yako ni mzima. Familia moja ya wageni imehamia karibu na soko. Yule mzee amebaki, anasema amezoea. Ziwa limetulia.

Umeniomba niandike kama ninavyoandika. Jicho la kushoto halipo. La kulia linaona mwanga wa mlango na basi. Mkono wa kulia umebaki na vidole viwili. Anasikia vizuri. Swali lake la kwanza alipozinduka si Papa Valère. Aliuliza kitu kimetoka rangi gani. Chérubin alikuwa kando ya kitanda, akamwambia kaharabu, akampa kipande akishike. Bertin analala nacho.

Sasa sikiliza. Chérubin alikwenda Lubumbashi na vile vipande, akarudi na wenye fedha. Kwao hiki ni kitu kilichofaulu na mzee mmoja aliyekiharibu. Alisema hivyo kwenye matanga, mbele ya Mama Rachelle: kwamba Papa Valère alilala akaacha makaa yazidi. Watu wameamini. Watoto wa Mama Rachelle wanazomewa bombani wakichota maji, wanaitwa watoto wa mchoma-watu. Makaa aliyoyatoa yule mzee yalikuwa nje, yamelowa, niliyaona kwa macho yangu.

Wachomeleaji wanatengeneza chombo cha pili. Ni kinene zaidi na kikubwa zaidi. Kinasubiri fuwele tu. Aliyekuwa anawauzia amekataa baada ya kusikia, na Chérubin anatafuta pengine. Bertin amekubali kusimamia. Kila asubuhi anaongozwa kwa mkono hadi hangarini. Nilimwambia safari hii utakufa. Akasema, "Safari hii makaa hayatakuwepo, Shangazi. Tutatumia umeme." Nikamwuliza tofauti ni nini, kama makaa hayakuwa kosa. Alikigeuza kile kipande mkononi. Anajua. Lakini akisema, basi alimwua Papa Valère. Akinyamaza, Papa Valère alijiua mwenyewe. Amechagua, na ataanza kazi ya chombo cha pili na uchaguzi huo.

Nilitaka kuyasema yote redioni. Mkurugenzi amenikatalia. "Mama Elisabeth, mwezi wa sita uliwaambia watu uongo. Uliwaokoa, sawa, nami nilikuwa mmoja wa walioalikwa. Lakini sasa ukisema mvua inanyesha watatoka nje kutazama. Bila jina la mtaalamu na karatasi yenye saini ya mkono wake, hakuna kipaza sauti." Picha ya simu haitaki. Sauti ya simu haitaki. Na ana haki. Mimi ningemwambia mwandishi kijana vilevile.

Barua zako za Aprili na Mei ninazo. Zinaeleza kila kitu, na mtu wa sokoni anazielewa. Ningeweza kuzipeleka. Katika kazi hii sijawahi kumtaja msemaji aliyenikataza, na sitaanza kwa mtoto wa kaka yangu. Kwa hiyo nakuomba. Najua chuo kitauliza Bertin alijulia wapi. Mimi sikuulizi tena.

Mama yako amenisikia nikisoma barua hii kwa sauti ili niikague. Amekwenda kukaa na Bertin.

Elisabeth


Dar es Salaam, 30 Agosti 2025

Shangazi,

Salamu kwa Mama kwanza, na kwa yule mzee.

Monsieur Chérubin amekuja hapa. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la korido nje ya maabara, viatu vyake safi. Alikuwa na jina langu kwenye kikaratasi kwa mwandiko wa Mama, maana Bertin hawezi kuandika. Mama alidhani ananiletea habari za nyumbani. Aliniita Daktari, nikamwambia bado. Akasema, "Kwetu utakuwa." Alitaka fuwele na alitaka mimi. Nilimkatalia vyote viwili kwa sauti, korido nzima isikie. Alitabasamu, akanishukuru, akakaa mjini siku nne nyingine. Jana msimamizi wa stoo alihesabu chupa zetu za fuwele, na zimepungua. Sitakwambia alihesabu ngapi. Anajua yeye na sasa anajua profesa.

Karatasi uliyoomba iko ndani ya bahasha hii, ina saini yangu na muhuri wa idara. Muhuri nimeupiga mwenyewe. Inasema hivi:

"Mimi ni Laure Kalala, mtoto wa Kalemie, mwanafunzi wa udaktari wa kemia. Kitu kinachopikwa katika hangari ya kiwanda cha nguo kinatoa joto chenyewe kikishaamka. Makaa yakitolewa, hakizimiki. Umeme ukikatwa, hakizimiki. Papa Valère Numbi hakulala. Alitoa makaa kwa wakati, na yasingeweza kumsaidia mtu yeyote, kwa sababu moto ulikuwa ndani. Chombo cha pili kikijazwa kitafanya kama cha kwanza, na kwa kuwa ni kinene zaidi kitachelewa kidogo na kutupa vyuma mbali zaidi. Bertin Kalala anayajua haya. Aliambiwa na mimi, hapa Dar es Salaam, kabla hajamjua mtu anayeitwa Chérubin."

Soma yote. Usiruke sentensi ya mwisho, hata Mama akiwa karibu na redio. Profesa ameniita Jumatatu saa mbili, nitakwenda.

Nimeuliza uwanja wa ndege. Chérubin aliondoka jana kwa ndege ya Lubumbashi, na kutoka huko kuna nyingine ya Kalemie siku ya pili yake. Barua hii inapanda basi la Kigoma jioni ya leo. Kondakta amesema barabara imekatika, lakini watajaribu.

Laure